Klarineti Iliyomrudisha Brahms Kazini: Uchambuzi wa Kisa cha Meiningen, 1891

Desemba 1890 Johannes Brahms, mtunzi wa Kijerumani, alimwandikia mchapishaji wake, Fritz Simrock, kwamba sasa Simrock anaweza kuuaga muziki wa Brahms, maana wakati wa kuacha umeshawadia. Alikuwa na miaka 57. Kwinteti ya nyuzi (muziki wa wapigaji watano) aliyokuwa amemaliza kuitunga, Op. 111 (Op. ni namba ya kazi katika machapisho yake), aliiona inafaa kuwa ya mwisho. Mei 1891 akaandika wosia. Hakuwa na mke wala mtoto, fedha alikuwa nazo, jina alikuwa nalo; kwa kila dalili alikuwa anafunga hesabu zake mapema, angali na nguvu za kuzikagua mwenyewe.

Kiangazi hichohicho, akiwa Bad Ischl huko Austria alikozoea kupumzika, akatunga kazi mbili kubwa kwa mfululizo: trio ya klarineti (ala ya kupuliza ya mbao), chelo (fidla kubwa ya sauti nzito) na piano (Op. 114), na kwinteti ya klarineti na nyuzi nne (Op. 115). Mwaka 1894, palepale Ischl, akaongeza sonata mbili za klarineti na piano (Op. 120). Zote nne chanzo chake ni mtu mmoja, Richard Mühlfeld, mpigaji wa klarineti ya kwanza katika okestra ya mtawala wa Meiningen, mji mdogo katika eneo la Thuringia, Ujerumani.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama muujiza: mtunzi kachoka, kamsikia mpigaji wa ajabu, moyo ukarudi. Si uongo, ila usimulizi huo unaruka jambo moja ambalo kwangu ndilo kisa chenyewe. Brahms hakumkuta Mühlfeld kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Alianza kwenda Meiningen kufanya kazi na okestra ile mwaka 1881, na Mühlfeld alikuwa amekalia kiti cha klarineti ya kwanza tangu 1879. Miaka kumi mtunzi yuko mbele na kijiti mkononi, au ameketi kwenye piano, na mpigaji yuko hatua chache kutoka kwake. Klarineti ileile, mtu yuleyule, na hakuna kilichotungwa. Basi swali la kujiuliza si kwa nini Mühlfeld alimvutia Brahms, bali kwa nini ilichukua miaka kumi.

Mji na okestra yake

Meiningen haukuwa mji wa kujivunia ukubwa. Ulijulikana kwa sababu mtawala wake, Georg II, alikuwa mwendawazimu wa sanaa, kwa maana nzuri ya neno. Kundi lake la maigizo lilizunguka Ulaya na kubadilisha namna watu walivyoelewa kazi ya jukwaani. Alimwoa mwigizaji, Ellen Franz, akampa cheo cha Helene Freifrau von Heldburg, na watu wa tabaka lake hawakulifurahia hilo. Okestra aliikabidhi kwa kiongozi wa okestra Hans von Bülow kuanzia 1880 hadi 1885, na Bülow akaifanyisha mazoezi ambayo wapigaji wa miji mikubwa wasingeyavumilia: nyuzi peke yake, ala za kupuliza peke yake, kisha wote pamoja, mpaka kila nota ikae mahali pake. Walikuwa chini ya watu hamsini. Kwa okestra ndogo namna hiyo, mtu hana pa kujificha.

Brahms alipata hapo kitu ambacho watunzi wengi hawakuwa nacho: okestra nzuri aliyoweza kuitumia kama karakana. Mwaka 1881 alikuja kujaribia koncherto yake ya pili ya piano (koncherto ni kazi ya mpigaji mmoja anayesimama mbele ya okestra). Tarehe 25 Oktoba 1885 aliongoza mwenyewe simfonia yake ya nne, kwa mara ya kwanza duniani, na klarineti ya kwanza siku ile ilikuwa ya Mühlfeld. Wala Brahms hakuwa mgeni wa ala hiyo. Simfonia yake ya tatu, ya 1883, inaufungua mwendo wa pili, yaani sehemu ya pili, kwa klarineti inayoimba kwa upole kana kwamba haina haraka ya kufika popote. Hivyo hatuwezi kusema kwamba mzee hakujua klarineti inaweza nini. Alijua, tena sana, lakini alijua kama mtu wa okestra anavyojua: rangi moja kati ya rangi nyingi.

Mpigaji

Mühlfeld alizaliwa Salzungen mwaka 1856, si mbali na Meiningen. Aliingia kwenye okestra mwaka 1873, kijana wa miaka 17, kama mpiga fidla. Klarineti alijifundisha mwenyewe akiwa humohumo kazini, na ndani ya miaka sita akawa wa kwanza. Kuanzia 1884 alikuwa pia klarineti ya kwanza kwenye tamasha la Bayreuth, yaani tamasha la muziki wa mtunzi Richard Wagner. Kwa wakati ule watu walijigawa kambi mbili, ya Wagner na ya Brahms, wakatukanana magazetini. Wapigaji wao walikula pande zote mbili.

Hili la fidla nalitilia mkazo, kwa sababu nadhani limebeba sehemu kubwa ya maelezo. Mtu aliyeanza na fidla anajifunza kuushika mstari wa muziki kwa upinde: sauti inaanza, inavimba, inapungua, na kila badiliko la mkono linasikika kama pumzi. Akihamia klarineti anakuja na tabia hizo. Wapo waliosimulia baadaye kwamba Mühlfeld aliitikisa sauti yake kuliko hata wapiga fidla waliokaa naye jukwaani. Ni masimulizi ya mdomo yaliyopita kwa watu kadhaa, kwa hiyo nayachukua kwa tahadhari, lakini hayapingani na historia yake.

Ala zake zilitengenezwa Munich na Georg Ottensteiner, kwa mpangilio wa vibonyezo uliobuniwa na Carl Baermann. Baermann huyu ni mwana wa Heinrich Baermann, ambaye mtunzi Carl Maria von Weber alimtungia koncherto za klarineti mwaka 1811. Tutamrudia baba mtu. Mbao za klarineti za Mühlfeld zilikuwa za mti wa boksi, mti wa Ulaya wenye rangi ya manjano, mwepesi kuliko tuliouzoea. Klarineti za leo karibu zote nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo huo sehemu kubwa hutoka Lindi, Kilwa na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Anayesikiliza muziki huu leo anausikia kupitia mti wa kwetu, na rangi yake si ileile aliyoisikia Brahms. Mti wa boksi una sauti laini na nyeusi kidogo. Mpingo una makali na uzito zaidi. Klarineti zenyewe za Mühlfeld zimehifadhiwa Meiningen, na mafundi wa sasa wamezinakili, kwa hiyo ukitafuta rekodi iliyopigwa kwa nakala hizo utasikia tofauti bila kuambiwa.

Machi 1891

Kufikia 1891 Bülow alishaondoka na okestra ilikuwa chini ya Fritz Steinbach. Brahms alikwenda kusikiliza. Katika ratiba ya wiki ile kulikuwa na koncherto ya kwanza ya Weber, ile ya F maina, na mpigaji wa mbele alikuwa Mühlfeld. Baada ya hapo Brahms aliketi naye faraghani. Mühlfeld akampigia, Brahms akauliza maswali kuhusu ala, akasikiliza tena.

Tarehe 17 Machi alimwandikia Clara Schumann, mpiga piano na rafiki yake wa miaka mingi. Sentensi moja ya barua ile inanukuliwa kila mahali: haiwezekani kupiga klarineti vizuri zaidi ya anavyopiga Bwana Mühlfeld wa hapa. Sentensi inayofuata hainukuliwi sana, na kwangu ndiyo yenye uzito. Brahms analalamika kwamba sanaa ya klarineti imeshuka. Wapigaji wa Vienna, mji alikoishi, na kwingineko, anasema, wanafaa ndani ya okestra, lakini wakisimama peke yao hawaburudishi.

Ukiisoma hiyo pamoja na miaka kumi iliyotangulia, kisa kinafunguka. Brahms alikuwa amemsikia Mühlfeld kama mtu wa okestra, na katika mizani yake klarineti za okestra zilikuwa nzuri kila mahali. Hakuwa na sababu ya kumtenga mmoja. Ila klarineti iliyosimama peke yake alikuwa ameshaikatia tamaa. Weber ndiye aliyemtoa Mühlfeld kitini na kumsimamisha mbele, na chumba cha faragha ndicho kilichomwonyesha Brahms kwamba mtu huyu, bila okestra nyuma yake, bado ana la kusema.

Kuna na sababu ya pili, isiyo ya kimuziki. Katika miaka ya 1881 hadi 1885 Brahms alikuwa na foleni ya kazi: koncherto ya piano, simfonia ya tatu, simfonia ya nne. Viangazi vyake vilikuwa vimeshalipiwa, kwa namna ya kusema. Mwaka 1891 foleni ilikuwa tupu. Alikuwa amejitangazia kustaafu, hana deni la mtu yeyote, hana simfonia inayomsubiri. Mtunzi mwenye meza tupu husikia tofauti na mwenye meza iliyojaa. Napenda kufikiri kwamba lile tangazo la kustaafu ndilo lililomfungulia mlango Mühlfeld. Kama Brahms angekuwa katikati ya simfonia ya tano, angempongeza, angempa mkono, na angerudi Vienna na kazi yake.

Wala tusimfanye Brahms kuwa mtu aliyeguswa na mpigaji kwa mara ya kwanza uzeeni. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Koncherto ya fidla ya 1878 aliitunga akimfikiria rafiki yake, mpiga fidla Joseph Joachim, na alimtumia kurasa ili azikosoe. Sonata ya pili ya chelo, ya 1886, inamhusu mpiga chelo Robert Hausmann. Clara Schumann alikuwa sikio lake la kwanza kwa piano. Mühlfeld aliingia kwenye utaratibu uliokuwepo tayari. Alichokosa Brahms kwa upande wa ala za kupuliza ni mtu. Alipompata, mashine yote ikawaka.

Kilichoandikwa

Sasa tuingie ndani ya kwinteti, kwa sababu hapo ndipo unamwona mpigaji ndani ya nota.

Inaanza bila klarineti. Fidla mbili zinaviringisha sauti kwa pamoja, na kwa vipande vinne vya mwanzo (vile vigawanyo vifupi vya mdundo kwenye nota) huwezi kusema kwa uhakika kama tuko D meja au B maina. Muziki unaning'inia kati ya furaha na huzuni bila kuamua. Viola (fidla kubwa kidogo) na chelo zinaingia. Kisha, kipande cha tano, klarineti inaanzia chini, kwenye zile sauti zake nzito, na kupanda taratibu mpaka juu, ambako inashikilia. Mstari mmoja tu, bila pambo. Mpigaji mwenye vidole vya haraka hana cha kuonyesha hapo. Anachohitaji ni kuvuka kutoka sauti za chini kwenda za juu bila mshono kuonekana, na klarineti ni ala yenye mshono mbaya katikati. Kila mwanafunzi wake anajua pale ambapo vidole karibu vyote vinatoka mara moja na kurudi mara moja, na sauti inabadilika sura kama haikuangaliwa. Brahms anaanza na jambo gumu lisilo na sifa. Hilo huliandiki mpaka umemsikia mtu akilifanya.

Mwendo wa pili, ule wa polepole, unakwenda mbali zaidi. Nyuzi zimefungwa vizibo ili sauti izibike, na klarineti inaimba juu yake. Katikati muziki unageuka kabisa. Nyuzi zinatetemeka, na klarineti inaanza kukimbia juu na chini kwa mtindo wa wapiga fidla wa Kiroma wa Hungaria: inakurupuka, inasita, inarusha nota nyingi kwa pumzi moja, inatulia juu ya sauti moja kana kwamba inatafuta la kusema. Brahms aliujua mtindo huo tangu ujanani. Mwaka 1853 alizunguka miji ya Ujerumani akimpigia piano mpiga fidla wa Kihungaria, Ede Reményi. Na tazama alichofanya hapa. Ana fidla mbili zimekaa mbele yake, lakini kazi ya mpiga fidla anampa mwenye klarineti, na fidla anaziacha zitetemeke nyuma. Sioni kwamba angewaza hivyo kwa mpigaji yeyote wa Vienna. Aliwaza hivyo kwa sababu mtu aliyemsikia Machi ile alikuwa mpiga fidla aliyehamia kwenye mbao.

Mahali pengine pote katika kazi hiyo klarineti haijitokezi kama mfalme. Mara nyingi inawasindikiza wenzake, inawapa nyuzi wimbo na yenyewe inajaza chini. Mwendo wa mwisho ni mabadiliko ya wimbo mmoja, na mwishoni kabisa wimbo ule wa mwanzo wa kazi unarudi, kama Mozart alivyopenda kumaliza kwa mabadiliko katika kwinteti yake ya klarineti, lakini bila bashasha ya Mozart.

Trio ni kavu zaidi, inaanza na chelo peke yake, na haipendwi sana. Mimi naiona imeonewa. Eusebius Mandyczewski, rafiki wa Brahms, alisema ala zake ni kama zinapendana, na ukisikiliza klarineti na chelo zinavyopokezana utakubaliana naye.

Kutoka mezani hadi jukwaani

Brahms alijikaribisha mwenyewe Meiningen mwezi Novemba, kwa barua ya utani kwa mke wa mtawala ambayo ndani yake Mühlfeld ndiye aliyekuwa kisingizio cha safari. Tarehe 24 Novemba 1891 kazi zote mbili zilipigwa faraghani katika jumba la mtawala, Joachim akiwa amekuja kuongoza nyuzi. Tarehe 12 Desemba zikapigwa hadharani Berlin, ukumbi wa Singakademie, katika mfululizo wa kwarteti ya Joachim, kundi lake la wapiga nyuzi wanne. Mfululizo ule ulikuwa wa nyuzi tu. Haukuwa umeruhusu ala ya kupuliza. Joachim, mtu mwenye misimamo, akauvunja utaratibu wake mwenyewe kwa ajili ya Mühlfeld. Machi 1892 kwinteti ilikuwa London, Joachim na Mühlfeld tena.

Mchoraji Adolph Menzel, mzee wa miaka 76, alihudhuria Berlin na akamchora Mühlfeld kama kiumbe wa mbinguni wa Ugiriki ya kale, akamtumia Brahms mchoro huo. Brahms naye alikuwa na majina yake: Mühlfeld alimwita Fräulein Klarinette, yaani Binti Klarineti, na primadona wake. Utani wa mzee asiyeoa. Ila ndani yake kuna maelezo ya kitaalamu: alimsikia kama mwimbaji wa kike wa sauti nzito, si kama mpuliza ala.

Sonata za 1894 zinaonyesha uhusiano uliokomaa. Kabla ya kuzichapisha, Brahms alimwita Mühlfeld wazijaribu. Septemba walizipigia familia ya mtawala huko Berchtesgaden, Novemba walizipeleka Frankfurt kwa Clara Schumann, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumsumbua, na Januari 1895 wakazipiga hadharani Vienna. Uchapishaji ulifuata katikati ya mwaka huo. Maana yake nota zilikaa mikononi mwa mpigaji kwa miezi kabla hazijafungwa. Miswada Brahms alimpa Mühlfeld, na juu yake akaandika shukrani kwa bwana wa ala yake nzuri.

Kisha linakuja jambo linaloudhi wapenzi wa hadithi ya muujiza. Kazi zote nne zilichapishwa pia kwa viola badala ya klarineti. Simrock alikuwa mfanyabiashara. Wapiga viola wa nyumbani walikuwa wengi, wapiga klarineti wenye uwezo huo walikuwa wa kuhesabu. Je, basi klarineti haikuwa ya lazima? Jibu langu ni kwamba muziki unavumilia viola, lakini haukuzaliwa nayo. Brahms mwenyewe aliyaona matoleo ya viola ya sonata kuwa hayajakaa sawa. Na ule mwendo wa pili wa kwinteti ukipigwa kwa viola unakuwa nyuzi tano zinazozungumza kwa lugha moja. Kinachopotea ni yule mgeni anayeingia kwenye nyumba ya nyuzi na kuongea lugha yao kuliko wenyewe.

Wengine walivyofanya

Kisa kimoja hakitoshi kutoa kanuni, kwa hiyo tukiweke kando ya vingine, kwa haraka.

Mozart alikuwa na mpiga klarineti Anton Stadler. Stadler alipiga klarineti iliyorefushwa, yenye sauti za chini kuliko ya kawaida, na kwa ajili ya sauti hizo Mozart akaandika kwinteti mwaka 1789 na koncherto mwaka 1791. Stadler alikuwa pia mdeni wake: Mozart alipofariki, orodha ya mali ilionyesha Stadler anadaiwa guldeni 500. Muswada wa koncherto umepotea, na kilichochapishwa kilirekebishwa ili kitoshee klarineti ya kawaida. Hapo mpigaji alimvuta mtunzi kwa ala mpya.

Mpiga klarineti Simon Hermstedt alimwendea mtunzi Louis Spohr mwaka 1808 akitaka koncherto. Spohr aliandika akijua kidogo tu kuhusu mipaka ya ala, na matokeo yake mengine hayakupigika. Hermstedt hakuomba nota zibadilishwe. Aliibadilisha klarineti, akaongeza vibonyezo. Mtunzi alimvuta fundi.

Heinrich Baermann alimpata Weber mwaka 1811 huko Munich. Weber alimtungia kazi moja fupi, mfalme wa Bavaria akaipenda, akaagiza koncherto mbili. Kwa hiyo ile koncherto iliyomwamsha Brahms miaka 80 baadaye nayo ilikuwa matunda ya mpigaji. Na Mühlfeld aliipiga kwa klarineti iliyobuniwa na mtoto wa Baermann. Sijui mnyororo mwingine wa muziki ulioshikamana hivi.

Benny Goodman, nyota wa jazi wa Marekani, alifanya kwa pesa. Mwaka 1938 alimwagiza mtunzi Béla Bartók kazi ya klarineti, fidla na piano, kwa ushawishi wa mpiga fidla Joseph Szigeti. Mwaka 1947 akamwagiza mtunzi Aaron Copland koncherto. Copland aliandika akiwa na jazi ya Goodman masikioni, lakini mwisho wa koncherto ulimshinda mwagizaji na ikabidi urahisishwe. Kazi ni nzuri. Tofauti na Meiningen ni kwamba Mühlfeld hakuagiza, hakulipa, hakuomba. Alipiga Weber kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi ya siku.

Nikilinganisha, naona wapigaji wanaozaa muziki mpya si lazima wawe wenye kasi kuliko wengine. Kasi mtunzi anaweza kuiwaza peke yake mezani. Ni suala la nota nyingi. Asichoweza kukiwaza ni namna sauti moja inavyoanza kinywani mwa mtu fulani, na hilo haliji kwa kusoma kitabu cha mipaka ya ala. Ndiyo maana siku chache za faragha Machi 1891 zilifanya ambacho miaka kumi ya okestra haikufanya.

Waliorithi

Brahms alifariki Aprili 1897, Mühlfeld mwaka 1907, kabla hajatimiza miaka 52. Kazi zile nne zilikuwa zimeshaanza kuzaa nyingine. Mwaka 1896 Alexander Zemlinsky, mtunzi kijana wa Vienna, aliandika trio kwa ala zilezile za Op. 114 na kuiingiza kwenye shindano ambalo Brahms alihusika nalo. Akashinda tuzo ya tatu, na Brahms akampendekeza kwa Simrock. Mtunzi Max Reger aliandika sonata zake mbili za kwanza za klarineti mwaka 1900 baada ya kuisikia mojawapo ya Brahms. Mwaka 1911 akawa kiongozi wa okestra ya Meiningen, na kazi yake ya mwisho iliyokamilika, 1916, ni kwinteti ya klarineti.

Ila mrithi ninayempenda zaidi alikuwa London. Samuel Coleridge-Taylor, ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, alikuwa mwanafunzi wa mtunzi Charles Villiers Stanford katika chuo cha Royal College of Music. Baada ya kwinteti ya Brahms kupigwa mjini, Stanford aliwaambia wanafunzi wake kwamba sasa hakuna atakayeweza kuandika kwinteti ya klarineti bila kumwiga Brahms. Coleridge-Taylor, akiwa na miaka 20 hivi, aliandika moja mwaka 1895, ya F-sharp maina, yenye mdundo unaoruka na sauti inayomwelekea mtunzi wa Kicheki Dvořák zaidi. Stanford alikiri kwamba kijana ameweza. Kisha akaibeba nota hiyo hadi Berlin na kumpa Joachim, ambaye aliipiga pamoja na wenzake mwaka 1897.